Leo Mama Anakaa Chini

Brenda, aliyeachiwa ofisi yangu ya River Road, ameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukisimamia wanamuziki kabla simu hazijaanza kufanya kila kitu. Anataka kuwapa wenzake wasome. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu mke wangu amenichoka. Nikikaa nyumbani Mountain View naanza kupanga viti vya sebuleni kana kwamba kuna watu wanakuja shoo, na juzi ameniambia waziwazi nitafute kitu cha kufanya na hii mikono. Basi, Brenda, na ninyi wengine, nimepata. Habari za mshahara na vyeo nitaziruka. Vyeo hata havikuwapo. Ulikuwa meneja siku ya kwanza, ukawa meneja siku ya mwisho, na katikati ulikuwa hamali.

Sikuingia kwenye muziki kwa kupenda muziki. Nilitoka Vihiga baada ya shule nikaja kwa mjomba wangu mtaani Kangemi, nikawa nafanya vibarua vya mjengo Loresho, nachanganya simiti kwenye nyumba za watu ambao sikuwahi kuwaona. Siku moja fundi wetu alinituma mjini kuchukua waya za umeme, nikaingia duka ambalo silo. Lilikuwa duka la kanda za muziki. Mwenyewe, Mzee Kilonzo, Mkamba mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, alikuwa akihangaika kupakia spika kwenye pikapu peke yake. Nikamshikia upande mmoja. Akaniuliza kama naweza kurudi kesho, nikasema naweza. Yule fundi, kama bado yuko hai, bado ananingoja na hizo waya.

Mzee Kilonzo aliuza kanda na pia alisimamia bendi. Bendi yenyewe ilipiga kila Jumapili alasiri katika bustani moja ya nyama choma kando ya Ngong Road, mahali ambapo familia zilikuja zikitoka kanisani, watoto wakiwa bado na viatu vya kung'aa. Siku yangu ya kwanza alinipa tepu nyeusi na ekstensheni mbili akaniambia hiyo ndiyo shahada yangu. Kazi yote alinifundisha mchana huohuo. Fika kabla ya vyombo. Kula baada ya bendi. Jua choo kiko wapi, maana mpiga ngoma atakuuliza katikati ya wimbo. Mwenye baa akikuambia umeme wake uko sawa, mshukuru, kisha uchomeke taa kwanza uone, ndipo uchomeke kibodi.

Bendi ilipoanza nikajisahau. Nilikuwa kijana, muziki ulikuwa mtamu, nikaanza kuimba pamoja nao kwa sauti ndogo nikitikisa kichwa. Mzee Kilonzo akanigonga begani.

“Wewe,” akasema. “Meneja haimbi.”

Baadaye alinieleza. Meneja akianza kuimba, ataanza kuchagua nyimbo. Akianza kuchagua nyimbo, mwimbaji ataanza kupanga tarehe. Kila mtu akishika kazi ya mwenzake, bendi imekwisha, na yeye alikuwa ameshazika bendi mbili namna hiyo. Ilikuwa na maana, na sikatai kwamba ilikuwa na maana. Shida ni kwamba mimi ni mtu wa kushika neno. Nilishika hilo kama amri ya kanisani, nikafunga mdomo, na baada ya muda nadhani nikafunga na masikio.

Mtauliza, sasa ulijuaje mwimbaji mzuri na mbaya? Niliangalia nyuso za watu. Hiyo ndiyo ilikuwa mita yangu. Mteja akikaa na kipande cha nyama mkononi bila kukitia mdomoni, mwimbaji ni mzuri. Mhudumu akisimama na trei katikati ya njia, mwimbaji ni mzuri sana. Watu wakianza kuangalia saa, nitafute mwingine. Mita hiyo haikunidanganya kwa miaka mingi, na nilijivunia. Redioni walipokuwa wakiniuliza kama najua kupiga chombo chochote, nilikuwa nikijibu kwamba dereva wa ambulensi si lazima awe daktari, na watangazaji walivunjika mbavu. Nilirudia kichekesho hicho mpaka mke wangu akanikataza.

Mzee Kilonzo alipofariki, bendi ilibaki mikononi mwangu. Kiongozi wa wanamuziki alikuwa Wafula, mpiga besi, Mbukusu mtaratibu ambaye Jumamosi alifundisha kwaya ya kanisa lao kule Kangemi. Kibodi ilipigwa na Tito, wa Busia, mcheshi lakini asiyetoa siri. Gitaa la solo lilikuwa la Shem, mtu wa kwetu Vihiga. Wafula alikuwa wa kwanza kuona tatizo langu. Aliniita kando akaniambia nije Jumamosi nikae na kwaya yake, anifundishe angalau doh ni nini, kwamba ingenisaidia. Nikamjibu kwamba meneja haimbi. Akacheka akasema haya. Baada ya mwaka mmoja au miwili akaniambia tena, nikamjibu vilevile. Hakurudia mara ya tatu, na mimi nikaona nimeshinda.

Mwende alikuja dukani na shangazi yake. Alikuwa ametoka Kitui, akiishi kwa huyo shangazi mtaani Woodley na kufanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja mjini. Shangazi ndiye aliyeongea, Mwende akawa anaangalia kanda ukutani. Tukampeleka nyuma, kwenye stoo tuliyokuwa tukifanyia mazoezi, Tito akamwuliza anataka doh ipi, akamwambia yoyote. Akaimba. Mimi, kama kawaida yangu, nikamwangalia Tito. Tito aliacha kupiga katikati ya ubeti, mikono ikabaki juu ya kibodi, na hakujua kwamba ameacha. Nikamwambia shangazi tutamchukua.

Wimbo uliomtoa aliutunga mwenyewe. Ni wa binti aliye ng'ambo moja ya mto uliokauka akimwita mama yake aliye ng'ambo ya pili. Mwisho wake anaita mara tatu: ya kwanza chini, ya pili juu, ya tatu juu kabisa, peke yake, bendi ikiwa imenyamaza. Ile ya tatu ndiyo watu walikuwa wanakujia. Niliwahi kuona mzee wa heshima zake akiinuka kwenye kiti bila kujua anakwenda wapi. Tuliurekodi katika studio ndogo ya barabara ya Luthuli, ukapigwa redioni, na kuanzia hapo kalenda yangu haikuwa na Jumapili tupu.

Yeye aliniita Meneja tangu siku ya kwanza, hata nyumbani kwangu, hata mbele ya watoto wangu, ambao walikua wakidhani hilo ndilo jina langu. Kazi yetu ilikwenda vizuri kwa sababu kila mmoja alikaa upande wake. Yeye aliimba, nami nilibeba begi. Begi hilo ningependa mlijue, maana sasa hivi naona mameneja wanatembea na simu mbili tu na miwani. Langu lilikuwa na tepu, fyuzi, betri, tochi, pini, sindano na uzi mweusi, dawa ya kichwa, na chupa ya chai yenye maji moto ya tangawizi kwa ajili ya koo la Mwende. Chupa hiyo niliitayarisha mwenyewe kila Jumapili asubuhi. Nilijua ladha anayoipenda kuliko nilivyojua wimbo wake.

Sasa nije kwa Shem. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kuvimba. Hakusema, ila niliona ameanza kushika glasi kwa mkono wa kulia. Mambo ya kuonekana kwa macho hayakunipita, hilo mnipe. Nikampeleka hospitali, daktari akasema mkono upumzishwe miezi kadhaa, nikamtoa kwenye bendi siku hiyohiyo. Alinisihi nimwachie angalau zile nyimbo za taratibu. Nikakataa katakata. Nikatafuta mtu wa kumshikia nafasi, watu wakamzoea huyo mtu, bendi ikamzoea, na Shem akarudi Vihiga kwenye majani chai ya baba yake. Vidole vilipona. Tukikutana mazishini hunisalimia kwa mkono wenye nguvu kabisa. Ila gitaa hakugusa tena, na hatukuwahi kuliongelea. Siku anachukua gitaa lake, Mwende ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nakunja nyaya.

Miaka ikapita. Jumapili moja nilikuwa nyuma ya jukwaa natafuta fyuzi, nikamsikia Tito akimnong'oneza Wafula, “Leo mama anakaa chini.” Wafula akamwambia sawa, waambie na wengine. Nikajua mara moja: Mwende amechoka. Wiki hiyo alikuwa amelalamika miguu. Nikajiambia hii ndiyo kazi ya meneja, kuona shida kabla hajaambiwa. Nikakimbia kaunta, nikachukua stuli ndefu ya mbao, nikaifuta kwa mkono wa shati, nikaipandisha jukwaani na kuiweka mbele ya maikrofoni.

Bendi nzima ilikauka. Tito alimtazama Wafula, Wafula akaangalia viatu vyake, mabega yakimtikisika, nikadhani anakohoa. Mwende alipopanda aliitazama stuli, akanitazama mimi, tena kwa muda, kisha akasema asante Meneja, akaketi. Akaimba ameketi. Aliimba wimbo wa mto vilevile, miguu ameikunja kwenye kile kibao cha chini, mkono mmoja gotini, na watu wakapenda. Walisema inaonekana kama anawasimulia wao peke yao. Nyama zilibaki mikononi. Nikaangalia nyuso, nikaona mita inasoma juu, nikaridhika.

Basi stuli ikawa jina. Mtangazaji mmoja akamwita malkia wa stuli, na watu wakaanza kuja kuiona hiyo stuli. Nilimtafuta fundi wa Kangemi akatengeneza nyingine imara yenye mto mwekundu, nikawa naibeba kwenye pikapu nimeifunika blanketi. Watu wa kazi yetu walinisifu. Walisema yule jamaa anajua kumuuza mwimbaji wake, na mimi nikawa nasema ah, ni kitu kidogo tu kilinijia. Kila nikisikia wanamuziki wakinong'onezana kwamba leo mama anakaa chini, naiendea stuli. Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja. Baadaye ikawa kila Jumapili, hata hawakusema tena, na stuli ikawa inashuka kwenye gari kabla ya spika.

Yako mambo mengine niliyoyaona na kuyaelewa kinyume. Chupa ya tangawizi ilianza kuisha kabla ya nusu ya shoo, nikanunua chupa kubwa zaidi. Mwende akaacha kunipigia simu katikati ya wiki, akawa ananiandikia ujumbe, nikafurahi kwa sababu ujumbe hausahauliki. Mazoezini akawa anaimba kwa kunong'ona tu, nikawaambia wengine waige, kwamba huyo anajitunza. Kila kitu nilikiona. Haki sijui nilikuwa naangalia nini.

Mwaka ule wa korona bustani ilifungwa na sote tukakaa nyumbani. Mimi nilikuwa nakonda kwa wasiwasi, Mwende akawa amenyamaza Woodley, anashona barakoa. Tulipofunguliwa, wiki za kwanza aliimba amesimama. Sikujua kwa nini, ila nilimwona uso umemng'aa, na Tito akawa anatabasamu peke yake kwenye kibodi. Kumbe yale mapumziko yalikuwa yamemrudishia kitu. Lakini wateja wakaanza kuniuliza malkia yuko wapi na stuli yake. Nikairudisha. Nilimwambia watu wameimiss, aketi kidogo awafurahishe. Akanitazama tena ule mtazamo wake, akaketi.

Mwaka uliofuata tulialikwa Loresho, kwenye nyumba ya wazee wawili waliokuwa wakisherehekea jubilii ya ndoa yao. Ilikuwa mchana, mahema meupe, nyasi zimekatwa vizuri, na bibi mwenye sherehe aliomba kitu kimoja tu: wimbo wa mto, maana alikuwa akiusikiliza alipokuwa akimwuguza mama yake. Tito alikuwa Busia kumzika baba yake. Badala yake tulichukua mwalimu wa muziki wa shule moja, mtu makini, aliyekuwa ameusikiliza wimbo huo kwenye rekodi mpaka akaujua kila kona. Tulikwenda naye kwenye gari moja, mimi nimekaa katikati yake na Wafula, nikiwasimulia habari za mjengo wa zamani wa Loresho. Sikuwapa nafasi ya kusema neno.

Mwende aliketi kwenye stuli akaanza. Beti zilikwenda, ingawa nilimwona ameshika ukingo wa stuli kwa mkono wa kushoto. Akaita mara ya kwanza, ikatoka. Akaita mara ya pili, ikakwaruza kama mlango. Bendi ikanyamaza kumpisha, akafungua mdomo kwa ile ya tatu, akainua na mkono, na hakukutoka kitu. Hewa tu.

Mimi nilijua ni maikrofoni. Nilikimbia na nyingine, nikambadilishia, nikamwonyesha kwa kidole kwamba aendelee. Akajaribu. Hewa. Nikabadilisha waya. Wageni wakaanza kupiga makofi ya kumtia moyo, bibi mwenye sherehe amesimama na leso mdomoni, na mimi niko magotini kwenye nyasi za watu natafuta maikrofoni ya tatu kwenye begi, namlaani fundi wa mitambo. Nikasikia besi ikiwekwa chini. Wafula akaja akainama karibu nami.

“Meneja, wacha maiki. Maiki iko sawa.”

“Basi ni nini?”

“Ni Mwende.”

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya hema, na huko akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto. Kila wimbo una doh yake, yaani pale sauti inapoanzia, kama ngazi ya kwanza ya nyumba. Mwimbaji akishindwa kufika juu, bendi huishusha doh, nyumba nzima inashuka naye, na msikilizaji wa kawaida hajui. Kushusha huko wao walikuita kukaa chini. Walianza kumshushia nusu ngazi, siku akiwa na mafua. Halafu ikawa nusu kila wiki, halafu moja nzima, halafu moja na nusu. Yule mwalimu alikuwa amepiga doh ya rekodi, ya msichana wa miaka ile. Tito alidhani Wafula atamwambia, Wafula akadhani Tito ameshamwambia kwa simu, na kwenye gari nilikuwepo mimi. Mwende ndiye aliyewaapisha wote kwamba Meneja asijue.

Niliposikia hivyo nilimwuliza swali la kijinga kabisa. Nilimwuliza, na stuli?

“Stuli ilikuwa yako,” akasema Wafula. “Sisi tuliona haya kukuambia.”

Nilimlazimisha aseme yote, akasema. Siku ile ya kwanza Mwende aliketi kwa sababu angekataa ningeuliza walikuwa wanasema kukaa gani. Baadaye watu wakaipenda na hakukuwa na njia ya kushuka. Na mtu aliyeketi amejikunja namna ile pumzi haijai kifuani, kwa hiyo sauti inambidi aisukume kwa koo. Wafula alikuwa akiwakataza wanakwaya wake wasiimbe wameketi kila Jumamosi, kisha Jumapili anakuja kumwona Mwende juu ya ule mto wangu mwekundu. Aliniomba msamaha. Mimi sikujua wa kuomba msamaha ni nani, nikabaki nimeshika maikrofoni nzima isiyo na kasoro yoyote.

Hospitalini daktari wa koo alimwingiza kimrija chenye kamera, akatuonyesha kwenye kioo. Kulikuwa na vinundu vya siku nyingi, vimekuwa vigumu, na makovu. Aliuliza hali hii ilianza lini. Nikamwangalia Mwende, Mwende akamwangalia Wafula, na Wafula ndiye aliyejibu, kwa sababu alijua. Daktari akasema wangemleta mwanzoni, pengine kunyamaza miezi michache na mazoezi ya sauti vingetosha. Alisema pengine. Hilo neno nimelala nalo na kuamka nalo. Alifanyiwa upasuaji, sauti ya kuongea ikarudi, ya kuimba haikurudi. Alijaribu mara moja mbele ya Wafula, mlango umefungwa, kisha akatoka akaomba chai. Hakujaribu tena.

Bendi iliendelea na mimi nikaendelea nayo, maana tarehe zilikuwa zimepangwa na watu wana watoto. Tulipata waimbaji wengine, wazuri, nyuso ziliniambia hivyo. Ile stuli niliirudisha kwa fundi nikamwambia aitumie kwa lolote. Na Jumamosi moja, bila kumwambia mke wangu ninakokwenda, nilikwenda Kangemi kwenye mazoezi ya kwaya ya Wafula, nikasimama benchi la nyuma na akina mama wa sauti ya pili. Alinipa karatasi ya nyimbo. Ilinichukua muda mrefu, wakinicheka, mzee mzima anaimba doh inakwenda kulia, watu wote wako kushoto. Lakini sikio hufunguka. Sasa doh ikishuka hata nusu, nasikia. Nasikia kwenye redio, kwenye matangazo ya biashara, kwenye harusi. Namsikia mwimbaji akibana, akikwepa, akiangusha neno ili asifike juu. Wakati mwingine mke wangu anafurahia wimbo na mimi natoka nje nakaa na kuku.

Kwa hiyo Brenda, najua una simu inayokuonyesha ni watu wangapi wamesikiliza na wa kutoka wapi. Ni mita nzuri, ni bora kuliko yangu ya nyama. Nenda kwenye kwaya hata hivyo. Sikuambii uchague nyimbo, hapo Mzee Kilonzo alikuwa na haki yake. Nakuambia usimame benchi la nyuma uimbe vibaya mpaka usikie.

Mwezi niliostaafu nilikwenda kumwona Mwende. Yuko palepale Woodley, kwenye nyumba ya shangazi, anashona majoho ya kwaya na kazi haimwishii. Sauti yake sasa ni nzito, ya mikwaruzo, na anaitumia bila kuihurumia; alinicheka nilivyokonda, akaniuliza kama nimeanza kufunga. Tuliongea habari za watoto na za Tito, ambaye amerudi kwao kabisa. Njiani nilikuwa nimejiambia nisiulize. Nikauliza.

“Mbona hukuniambia, Mwende? Mimi ningekusikiliza.”

Alisimamisha cherehani. Kwanza alinikumbusha Shem, na siku aliyomsindikiza mpaka barabarani. Alisema alirudi kutoka pale akijua kwamba siku yake ikifika, mimi nitamtoa kwa roho safi kabisa, na nitamletea na matunda nyumbani, na hataimba tena. Hilo nilikuwa nimelitarajia. Nikaanza kujitetea, nikaeleza ya daktari, ya vidole, kwamba nilifanya kwa kumpenda mtu. Akainua mkono ninyamaze.

“Hata hivyo nilikuambia,” akasema. “Kila Jumapili nilikuwa nakuambia. Nilikuwa naimba, Meneja, na wewe umesimama hapo kando.”

Nililia kwenye nyumba yake, mtu mzima na mvi zangu, na hakuninyamazisha.